Namba Kumi na Nne, Mtaa wa Jineri

Orodha ilibandikwa mlangoni mwa ofisi ya mizani siku ya Jumatatu asubuhi, kwa gundi ya uji wa muhogo, na kabla gundi haijakauka Dorotea alikuwa ameshaisoma yote mpaka chini kwenye mhuri. Akaupanda Mtaa wa Jineri mbio, kanga inamfunguka kiunoni, akazipita kota zote kumi na tatu za wafanyakazi bila kupiga hodi hata moja, akaruka mtaro, akafika nyumba ya mwisho. Hapo alimkuta jirani yake Hyasinta anageuza furu, wale samaki wadogo, juani, mmoja mmoja, kama kawaida yake.

"Mama Marcelina, na nyinyi mmo."

"Tumo wapi?"

"Kwenye kuuzwa! Kota zote zinakwenda na jineri. K/1 mpaka K/14. Siku ishirini na moja, kila mtu awe ametoa vitu vyake."

Hyasinta aliimalizia kwanza safu ya furu aliyokuwa ameianza. "Kota ziko kumi na tatu," alisema.

"Nenda kawaambie wao."

Kwamba jineri imeuzwa haikuwa habari. Ulikuwa mwaka wa tisini na tano, na mashine za kuchambulia pamba zilikuwa zimenyamaza misimu miwili. Pamba ya Bunda ilikuwa inapita barabarani kwenye malori ya watu binafsi, inakwenda kwingine. Watu wa kota walijua siku yao itafika, na wengine walishapeleka vitanda Butiama kwa ndugu. Lakini nyumba ya Hyasinta na mumewe Kasmiri haikuwa kota. Waliijenga wenyewe mwaka wa sabini na sita, vyumba vitatu na ukumbi, kwenye kiwanja walichoonyeshwa na balozi wa nyumba kumi, na nyingine hawakuwa nayo popote.

Kasmiri alipoambiwa hakushtuka. Alikuwa upande wa mbele na kitambaa chenye maji, anaufuta ukuta. Alipopunguzwa kazini mwaka uliopita pamoja na wenzake, kiinua mgongo chake karibu chote kiliishia kwenye saruji, na sasa nyumba ile ilikuwa na lipu laini kuliko hata nyumba ya mapadri. Juu nyeupe, chini mkanda wa kijani mpaka usawa wa dirisha. Kuku hakuruhusiwa kuusogelea ukuta. Mgeni akikaa kwenye benchi la nje, Kasmiri alimwomba, kwa heshima kabisa, asiegemee.

"Mpiga chapa amekosea," alisema. "Amezoea kuhesabu, kidole kimepitiliza. Nitakwenda nimwelekeze."

Hyasinta alitazama juu ya fremu ya mlango. Pale, kwa rangi nyeusi, kwa herufi zilizonyooka kama zimepigiwa rula, paliandikwa K/14. Aliiangalia sana, halafu akamwangalia mumewe.

"Baba Marcelina," alisema, "vaa shati la Jumapili."

*

Kwa miaka kumi na tisa Kasmiri, fundi wa mashine, alikuwa akiingia ofisi ya mizani bila hodi, mikono ina grisi, na karani anamsogezea kiti. Siku hiyo alipiga hodi mara mbili. Afisa wa kamati ya mauzo, kijana mmoja aitwaye Boniphace, peni mbili mfukoni na miwani inayomteleza puani, alimwamkia shikamoo vizuri, tena kwa kuinama kidogo, halafu akamwacha amesimama. Kiti cha wageni kilikuwa kimoja tu na juu yake palikuwa na sahani ya mandazi ya mpiga chapa.

"Mzee, nyumba yako ina bomba la maji?"

"Linalo. Yaani inalo."

"Bili unalipaga wapi?"

Kasmiri alikohoa. Bomba lile halikuwahi kuona bili tangu lizaliwe.

Boniphace akafungua daftari kubwa lililoliwa pembe na panya. "Mwaka wa themanini na tatu, mwezi wa tano. Duka la kaya la kiwanda liligawa sukari kilo mbili na sabuni mche mmoja kwa kila kota. Kota kumi na nne. Hapa K/14 kuna sahihi. Mzee, sogea uone. Hii ni ya nani?"

Kasmiri akasogea. Ile K yenye mkia wa mbuzi aliifahamu sana. Ilikuwa mlangoni kwake na kwenye cheti chake cha ndoa.

"Inafanana na yangu," alisema.

Mpiga chapa alicheka, andazi likamkwama, ikabidi apigwe mgongoni.

"Mkanda wa kijani ni wa kota," Boniphace aliendelea. "Namba iko mlangoni, nimeiona mwenyewe leo asubuhi, na rangi bado inang'aa. Sasa nikuulize, karatasi ya kiwanja unayo?"

"Ililiwa na mchwa."

"Mchwa." Afisa alivua miwani. "Wewe ni wa sita kuniambia hivyo. Mtaa huu mchwa wanasoma kuliko watu. Sikiliza, mzee wangu. Ijumaa napita nyumba kwa nyumba na mwakilishi wa mnunuzi. Ukiwa na ushahidi, uonyeshe siku hiyo. Ukikosa, orodha inabaki ilivyo."

Kasmiri alitoka na kofia mkononi. Alipofika njiani ndipo alipokumbuka kwamba hajamwelekeza mtu yeyote.

*

"Ulimwambia habari ya sukari?" Hyasinta aliuliza.

"Sukari gani?"

"Kasmiri."

Alipoitwa kwa jina lake alijua hakuna pa kupita. Akaketi kwenye kigoda, mbali na ukuta.

Mwaka ule wa themanini na tatu, maduka ya mjini yalikuwa na rafu na mwenye duka tu. Watu walifulia majani ya mpapai, na chai ilinywewa kwa chumvi, utake usitake. Kiwanda kilikuwa na duka lake la kaya, ila kiligawa kwa namba ya nyumba, si kwa jina la mfanyakazi. Kwa hiyo Kasmiri, aliyekuwa akitengeneza mashine zile zile na wenzake, alirudi kila mwezi na mfuko mtupu kwa kosa la kujijengea nyumba. Mwezi wa nne alirudi hivyo hivyo, na Hyasinta akamwambia, "Namba ni rangi tu." Hakusema zaidi. Jioni ile ile Kasmiri aliomba rangi kidogo stoo, ya kijani na nyeusi, na mwezi wa tano wakanywa chai ya sukari.

"Hata wewe ulisema," Kasmiri alinung'unika.

"Nilisema. Na bomba?"

"Mafundi walikuja wenyewe na listi yao. Ningewafukuza?"

"Sawa. Lakini mwaka jana, baada ya kupiga lipu? Sukari imejaa kila duka mpaka inamwagika. Nani alikutuma kuiandika tena?"

Kasmiri aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Mlango ulionekana uchi," alisema.

Hyasinta alianza kucheka polepole, akijizuia, halafu akashindwa, akaketi chini kabisa na mikono kwenye mbavu. Kasmiri alimtazama kwa uchungu wa mtu aliyeonewa, kisha na yeye midomo ikamponyoka. Walicheka mpaka Dorotea akachungulia kutoka ng'ambo ya mtaro kuona kama ni msiba au ni nini.

Alipofuta machozi, Hyasinta aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza chumvi iko wapi. "Tofali za nyumba hii zilikuwaga za nani?"

"Za Mniko, za Buhare. Si unajua."

"Na Mniko alikuwaga anaweka nini kwenye tofali?"

Kicheko kikamkatika Kasmiri. Akasimama, akaenda kujiweka kati ya mke wake na ukuta.

"Hapana, Mama Marcelina."

"Mimi sijasema kitu."

"Umeitazama lipu yangu."

Kule Buhare wafyatua matofali walikuwa wakitumia uwanja mmoja wa kukaushia. Ili wasigombane jioni, kila mtu, kwenye kila tofali la kumi, likiwa bado bichi, aligandamiza kiganja chake. Kiganja cha Mniko hakikuweza kuibwa. Mkono wake wa kulia haukuwa na kidole cha kati; kilikwenda na shoka la kaka yake walipokuwa watoto wanapasua kuni. Matofali ya kota yalikuwa ya kiwanda chenyewe, ya mashine, na kila moja lilipigwa herufi J. Hyasinta aliyajua hayo kwa sababu alikuwa anatazama. Wengine hupita mtaani wanawaza safari yao. Yeye alipita anasoma kuta.

"Saruji mifuko kumi na nane," Kasmiri alisema, sauti imekuwa ndogo. "Mchanga nimeuchekecha kwa mkono."

"Najua. Nilikushikia chekeche."

"Si bora tutafute shahidi wa mdomo?"

"Shahidi wa mdomo balozi, na balozi tulimzika. Nyumba itakwenda na lipu yake, baba. Wataifuta wengine kwa kitambaa."

Hilo ndilo lililomwingia. Usiku alilala kifudifudi, na asubuhi ya Jumatano alikwenda Buhare kwa miguu kumtafuta Mniko.

Mzee Mniko alikuwa bado hai, tena na meno mengi. "Mura Kasmiri!" alisema, akimwita kijana kama zamani. "Miaka yote hiyo hunitafuti, leo unataka mkono wangu. Unaniposa?" Alikubali kuja Ijumaa kwa sharti moja: apikiwe samaki mwenye nyama, sato. Wale furu wa kuhesabu miba, alisema, ipikiwe serikali.

*

Ijumaa walianzia chini ziwani, kwenye gati. Boniphace alikuwa na ramani, mwakilishi wa mnunuzi, Florian, alikuwa na tepu ya kupimia na viatu visivyopenda vumbi, na nyuma yao walikuwa watu wa kota, kwa kuwa siku hizo hakuna aliyekuwa na kazi ya kuwahi. Hyasinta alijiunga nao kimya, ameweka mikono nyuma. Hakuwa amealikwa.

"Ghala la pamba," Boniphace alisoma. "Milango miwili."

"Mmoja," alisema Hyasinta. "Ule wa ziwani walizibaga mwaka wa maji makubwa, ziwa lilipopanda mpaka marobota yakaloa. Angalia pale, tofali rangi yake ni nyingine. Aliyeziba hakuwa fundi, ameanza mstari juu ameumalizia chini."

Boniphace aliangalia. Mstari ulianzia juu ukaishia chini. Akaandika.

Walipofika ofisi ya mizani Hyasinta alimwambia kwamba mizani ya kwanza ilikuwa mkono wa kushoto, na kwamba walihamisha mizani wakulima walipogundua kuwa upande ule magunia yanapungua uzito; alama za nguzo zake nne bado zilikuwa kwenye saruji, zimeota nyasi. Kwenye kantini, iliyoandikwa kwenye ramani kuwa ghala dogo, alimwonyesha benchi refu la saruji nje yake, lililochakaa kwa makalio ya watu wa Majita na Butiama waliolala hapo wakingoja pamba yao ipimwe. "Hapa mwenye mihogo alimpa mwenye samaki," alisema. "Ndoa tatu ninazozijua zilianzia kwenye benchi hili."

"Ya kwako ikiwemo!" Dorotea alidakia.

"Ikiwemo."

Florian alitazama saa. "Mama, tumekuja kuhesabu majengo, hatukuja kusikiliza redio."

"Mwache," alisema Boniphace bila kuinua kichwa. "Tumepita majengo manne na ramani yangu ina makosa matano."

Kwenye kota alitembea polepole zaidi. Sita za kwanza, zenye upinde juu ya dirisha, zilijengwa na yule Mhindi wa kwanza mwenye jineri. Saba za nyuma, bila upinde, zilijengwa na ushirika, na bati zake ni nyembamba, mvua ikinyesha watu huongea kwa mikono. "Lakini tofali ni za mashine moja. Zote zina J. Pale K/9 lipu imebanduka, tazama." Boniphace akachuchumaa, akaweka kidole. J. Akaenda K/2, penye ufa. J. Akaenda K/13 bila kuambiwa, akakwangua kwa ufunguo nyuma ya jiko. J.

Kisha wakavuka mtaro.

Kasmiri alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake na shati la Jumapili, nyundo mkono mmoja, tindo mkono mwingine. Mniko alikuwa kwenye benchi, amejiegemeza ukutani mgongo mzima, na Kasmiri hakumwambia kitu, jambo ambalo lilimfanya Dorotea aamini kwamba hali ni mbaya kweli.

"Bwana afisa," Kasmiri alianza. Watu wote aliofanya nao kazi walikuwa pale. "Hiyo namba niliiandika mimi. Hakunipa mtu. Nilitaka sukari."

Mtu mmoja akapiga chafya.

"Kumbe!" Dorotea alipiga kelele. "Kumbe ndiyo maana nyumba hii chai haikukatika! Na mimi nilidhani ni maombi!"

"Na ulikuja kuinywa," Hyasinta alimjibu. "Vikombe viwiliviwili."

Mtaa mzima ulicheka, na Boniphace akageuka kidogo upande wa ziwa mpaka uso wake ukatulia. Florian peke yake hakucheka. "Kukiri uongo si ushahidi," alisema. "Nyumba ni ya nani?"

"Twende nyuma," alisema Kasmiri.

Nyuma, karibu na bafu, ambako hapaonekani sana, alipima kwa jicho, akaweka tindo, akapiga. Alipiga kwa adabu, kama anayemwamsha mgonjwa. Lipu ilianguka kipande cha ukubwa wa sinia. Chini yake palikuwa na matofali mekundu yasiyo na J, na yasiyo na mkono. Akatoboa pengine hatua mbili mbele. Hakuna.

"Bila J, bila mkono," Florian alisema. "Hii hata mnunuzi wangu angeweza kuwa ameijenga."

Jasho lilikuwa linamtiririka Kasmiri. Akainua nyundo mara ya tatu, na hapo Hyasinta akamshika kiwiko.

"Mlangoni," alisema. "Upande wa kulia, usawa wa bega langu nikiwa nimekaa."

"Unajuaje?"

"Nilipokuwa namnyonyesha Marcelina nilikuwaga nakaa pale. Vidole vyangu vilikuwa vinaingia kwenye shimo lake, wakati huo ukuta hauna kitu. Miaka mingi."

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Nilitaka ujaribu kwanza huku nyuma," alisema Hyasinta taratibu, "pengine Mungu angekuhurumia."

Wakazunguka mbele. Hapo ndipo lipu ilipokuwa laini kuliko pote, pale alipozoea kumalizia kitambaa chake. Kasmiri alipapapasa mara moja kwa kiganja. Halafu akafumba macho akapiga, na safari hii hakupiga kwa adabu.

Ilikuwa pale pale. Kiganja kizima, kimezama ndani ya tofali: dole gumba, cha shahada, nafasi tupu, halafu viwili.

Mniko aliinuka kwenye benchi polepole, akajikung'uta vumbi, akauweka mkono wake ndani ya ule mwingine. Uliingia kama mguu kwenye kiatu chake chenyewe.

"Umetosha vipi baada ya miaka yote hiyo?" Florian aliuliza. "Wazee hukonda."

"Tofali likiungua hunywea," alisema Mniko. "Na mimi nimenywea. Tuko sawa."

Boniphace alitoa peni, akaweka orodha juu ya paja, akapiga mstari juu ya K/14, mstari mmoja wa kunyooka. Akampa Florian atie sahihi pembeni. Florian aliangalia mkono ukutani, akaangalia watu waliomzunguka, akatia. Kisha akasema, kwa kuwa ilibidi aondoke na kitu, "Lakini bomba ni la kiwanda."

Wote wakaligeukia bomba.

"Ni kweli," alisema Hyasinta. "Tuachieni mpaka Jumatatu, tujaze vyombo."

*

Walijaza kila kitu, hata chungu cha pombe cha marehemu mama yake Kasmiri na beseni la kuogea watoto. Jumatatu mafundi walikata bomba, na kuanzia siku hiyo Hyasinta alipanga foleni ya maji kama watu wengine wa mji, akilalamika vizuri kabisa.

Kota zilihamwa moja baada ya nyingine. Wengine walikwenda Makoko kupanga chumba, wengine walirudi Bunda kulima. Dorotea hakuwa na pa kurudi. Alivuka mtaro na sufuria zake mbili na godoro, akaingia chumba cha nyuma, kile chenye ukuta wenye matundu mawili, na kila asubuhi alidai kikombe chake cha pili.

Matundu ya nyuma Kasmiri aliyaziba. La mbele alichanganyia saruji mara mbili, na mara mbili Hyasinta akaitumia saruji ile kuziba ufa wa jiko kabla hajageuka. Mara ya tatu hakuchanganya. Alichukua brashi na rangi nyeupe, akapanda kwenye kigoda, akaifuta K/14 pole pole, kuanzia mkia wa mbuzi. Mlango ukabaki uchi. Aliutazama siku nzima, na kufika jioni akawa ameuzoea.

Mwezi wa nane, mwaka huo ukiwa wa uchaguzi, akapita karani wa kuandikisha wapiga kura. Akasimama mlangoni, akafungua daftari.

"Jina, mzee? Na namba ya nyumba."

"Kasmiri Masatu. Nyumba haina namba."

"Lazima iwe na namba. Nitaandika nini?"

Kasmiri akasogea pembeni ili ukuta uonekane. "Andika, nyumba yenye mkono."

Karani alidhani anataniwa. Akausogelea ukuta, akaweka kiganja chake kwenye alama, akakisukuma huku na huku. Kasmiri alimwangalia akiigusa lipu na hakusema neno.

"Kidole kimoja kinabaki nje," alisema karani.

"Basi siyo yako," alisema Hyasinta kutoka ndani. "Andika, mwanangu, halafu uje unywe chai."